Mafuta na Divai katika Mzigo wa Msamaria

Mahubiri kwa Sikukuu ya Mtakatifu Luka, Mwinjili
Somo: Luka 10:25-37



Habari ya Msamaria mwema tumeisikia tangu Shule ya Jumapili, hata mtoto anayejiandaa kwa Kipaimara aweza kuisimulia bila kukosea. Na kwa kuwa twaijua, twaipita mbio. Twafika kwenye swali la nani aliye jirani, twatikisa kichwa, twarudi nyumbani kula. Leo nataka tusimame mahali ambapo kwa kawaida hatusimami, yaani kwenye mzigo aliokuwa nao yule mtu safarini.

Angalieni kwanza kwamba habari hii haimo katika Mathayo, wala Marko, wala Yohana. Luka peke yake ndiye aliyetuandikia, na Luka, kama Mtakatifu Paulo anavyotujulisha katika Wakolosai 4:14, alikuwa tabibu. Hakuridhika kutuambia kwamba Msamaria aliingiwa na huruma. Anataja vitu kimoja kimoja: mafuta, divai, vitambaa vya kufunga majeraha, mnyama wa kumbebea mgonjwa, dinari mbili. Ni kama Bwana Mganga anayeandika katika daftari la zahanati ni nini alichompa mgonjwa na saa ngapi.

Basi nauliza: vitu vile vilitoka wapi? Njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko huteremka zaidi ya mita 1,000 katika nchi kavu ya mawe. Hapakuwa na duka kando ya njia. Msamaria hakumwacha mtu katika damu yake akakimbia kutafuta mafuta kijijini. Alikuwa nayo. Aliyafunga katika mzigo wake kabla hajaondoka, siku ambayo hakujua kwamba yuko mtu atakayepigwa na wanyang'anyi. Huruma yake ilianza nyumbani, wakati wa kufunga mzigo. Kama angefika pale mikono mitupu, angelia machozi ya kweli, na mtu yule angekata roho mbele ya machozi yake.

Twapenda sana kumlaumu kuhani na Mlawi (na sisi mapadre twapaswa kuwa wa kwanza kulichukua lawama hilo). Lakini Injili haisemi walikuwa wamebeba nini. Wengi wetu hatupiti kando kwa sababu mioyo yetu ni migumu. Twapita kando kwa sababu hatuna cha kufanya, na mtu asiye na cha kufanya huona aibu kusimama.

Ndugu zangu, Kanisa letu katika nchi hizi lilianza na msiba wa namna hiyo. Askofu Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile tuliyoizoea kwa herufi UMCA, alifika Magomero, katika nchi iitwayo leo Malawi, mwaka 1861. Mwezi wa Januari mwaka 1862 alishuka mtoni pamoja na Padre Henry Burrup ili kukutana na wageni na mizigo iliyokuwa inakuja kwa ajili ya misheni. Njiani mtumbwi wao uliingia maji, na katika vitu vilivyopotea ilikuwamo dawa yao ya homa, kwinini. Wakafika mahali pa kukutania, mto Ruo unapoingia Shire. Wakangoja. Mvua, mbu, nguo zilizolowa, wala dawa hakuna. Homa ikamshika Askofu, akafa tarehe 31 Januari 1862. Burrup akamzika kando ya mto, akarudi Magomero akiwa mgonjwa, naye akafa mwezi uliofuata.

Hawa hawakuwa watu wazembe. Dawa walikuwa nayo, na walikuwa wameibeba. Ilikuwa katika mtumbwi mmoja.

Miaka mitano baadaye jambo hilo likampata Daktari David Livingstone. Wazee wetu wa kusini walisimulia jinsi alivyoshukia Mikindani mwaka 1866 na kufuata mto Ruvuma kwenda bara. Tarehe 20 Januari 1867, akiwa porini katika nchi ambayo leo ni Zambia, wapagazi wawili walitoroka na mizigo yao. Mmoja wao alikuwa na sanduku la dawa. Kijana mwaminifu aliyezoea kulibeba alikuwa amebadilishana mzigo asubuhi ile ile. Livingstone aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba alijiona kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa kufa, akamkumbuka Askofu Mackenzie. Tena akaandika jambo ambalo kila mzee wa kanisa anayetunza mali apaswa kulikumbuka: vitu vyake vingine vyote alikuwa amevigawanya katika mizigo mbalimbali, ili kimoja kikipotea kingine kibaki. Nguo aligawanya, shanga aligawanya. Dawa hakuigawanya, kwa sababu hakuota kamwe kwamba ingeweza kupotea.

Aliishi miaka sita zaidi, mpaka tarehe 1 Mei 1873, lakini homa na tumbo la kuhara havikumwacha. Na alipofika Ujiji mwaka 1869, amechoka, amekonda, akitumaini kukuta vitu alivyoletewa kutoka pwani, aliambiwa kwamba dawa zake zimeachwa Unyanyembe, karibu na Tabora. Safari ya siku 13. Dawa ilikuwapo, imelipiwa, imeandikwa jina lake, na haikumfaa kitu.

Sisi tuna zahanati, namshukuru Mungu. Tuna Bwana Mganga na Bibi Mkunga, watu wavumilivu wanaoamshwa usiku bila kununa. Lakini mnajua jinsi masika yanavyokuwa kwetu. Kuanzia Desemba mto ukijaa, wa ng'ambo hawavuki. Pikipiki hukwama, simu hukosa chaji au mtandao. Bwana Mganga mwenyewe mara huwa ameitwa mjini kuchukua dawa au kwenda semina, naye ana haki ya kwenda. Kwa saa sita, pengine kwa siku mbili, twakuwa watu wa Unyanyembe iliyo mbali. Wamo humu ndani waliofiwa na mtoto kwa kuhara katika usiku mmoja wa namna hiyo. Sitawataja. Wao wanajijua, na sisi tuliochimba kaburi asubuhi yake twajua.

Ndiyo maana Halmashauri ya Mtaa imekubali kwamba mwaka huu tuweke masanduku ya huduma ya kwanza katika makanisa yetu matatu. Nimesikia maneno mawili ya kulipinga, nami nataka kuyajibu kwa heshima, maana yamesemwa na watu wazima.

La kwanza ni la uchuro. Wengine husema kuweka dawa na bandeji ndani ya nyumba kabla ya ugonjwa ni kuuita ugonjwa uje. Mbona basi twaweka mbegu ghalani, wala hatusemi twaita njaa? Yusufu aliweka nafaka miaka saba kule Misri (Mwanzo 41), na njaa ilipokuja haikuja kwa sababu ya ghala zake. Tena kila mwenye nyumba hapa ana jembe na sepeto, na siku ya msiba ndizo zinazochimba kaburi. Hakuna aliyezitupa kwa kuogopa uchuro.

La pili ni la imani, nalo ni zito zaidi. Yapo mafundisho yanayopita vijijini kwamba anayeamini kweli huomba tu, na kwamba kumeza kidonge ni kumshuku Mungu. Someni Isaya sura ya 38. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa, akageukia ukuta, akaomba kwa machozi. Mungu akamsikia, akamwongezea miaka kumi na mitano. Ahadi imekwisha kutolewa, tena kwa kinywa cha nabii. Na bado, katika mstari wa 21, nabii yule yule anaagiza utengenezwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Isaya hakuona kwamba tini zinapunguza maombi. Naye Yoshua bin Sira, katika sura yake ya 38, asema kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa kazi ya Bwana mwenyewe na mtu mwenye busara hazidharau. Kitabu hicho twakisoma kanisani, basi tusikisome kwa masikio tu.

Mungu aweza kufanya jambo kubwa kwa kitu kilicho jikoni. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, watu kwa mamilioni walikimbilia India. Katika kambi za Bangaon, mpakani, kipindupindu kiliingia. Wagonjwa walilala chini sakafuni, na maji ya kutundika mshipani yakaisha. Daktari aliyekuwa pale, Dilip Mahalanabis, hakuwa na manesi wa kutosha wala dripu. Alichofanya ni kuchanganya glukosi, chumvi na baikaboneti kwa vipimo, akavifunga katika mifuko, akavikoroga katika maji safi, akawapa ndugu za wagonjwa vikombe, akawaambia wanyweshe. Mama akamnywesha mtoto, mtoto akamnywesha baba. Mahali ambapo wagonjwa wapatao 30 katika 100 walikuwa wakifa, katika hao waliopewa maji yale hawakufika 4 katika 100. Walionywesha walikuwa wakimbizi ambao hawakupata kusomea uuguzi. Dunia nzima ikajifunza, na ile pakiti ya ORS mnayoiona zahanati ndiyo mtoto wa mifuko ile.

Kwa hiyo kitu cha kwanza katika sanduku ni ORS, tena nyingi, pamoja na vidonge vya zinki ambavyo mtoto mwenye kuhara hupewa kwa siku 10 hadi 14 kama Bibi Muuguzi atakavyoelekeza. Pakiti ikorogwe katika kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, maji yaliyochemshwa yakapoa, na yakilala siku nzima yamwagwe yakorogwe mengine. Pakiti zikiisha na mto umejaa, kila mama ashike hesabu hii kama anavyoshika Baba Yetu: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi hapo, maana ikizidi humdhuru mtoto. Anyweshwe kidogo kidogo kila anapokwenda choo. Akitapika, ngojeni dakika kumi mwanze tena polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Lakini mtoto mwenye macho yaliyoingia ndani, au anayelegea, au asiyeweza kunywa, au mwenye damu katika choo, huyo abebwe aende hospitali hata kama ni usiku, huku akinyweshwa njiani.

Vingine ni vya majeraha: sabuni, glavu, shashi, bandeji za upana mbalimbali, plasta, mkasi, na vitambaa vya pamba vilivyofuliwa na kupigwa pasi. Msamaria alimwaga divai na mafuta kwa kuwa ndivyo walivyojua matabibu wa wakati ule. Sisi hatumwagi divai wala mafuta katika jeraha, na naomba hata yule anayetaka kuchukua divai ya altare kwa kazi hiyo asijisumbue. Jeraha lioshwe kwa maji safi mengi na sabuni. Damu inayobubujika huzuiwa kwa kukandamiza kitambaa safi kwa nguvu, bila kufunua kila mara kutazama. Aliyeungua amwagiwe maji safi yasiyo ya moto kwa dakika ishirini. Dawa ya meno, unga na mafuta ya taa vibaki mahali pake. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe sumu, asifungwe kamba ya kukaza. Alazwe atulie, kiungo kisitikisike, abebwe mara moja. Kwa hiyo kila kanisa litakuwa na machela, na blanketi, na vibao viwili vyembamba vya kufungia mkono au mguu uliovunjika. Tochi pia, na betri zake zikae nje ya tochi zisivuje.

Kwa mama anayeshikwa na uchungu kabla hajafika kunakohusika, tutaweka glavu, wembe mpya katika karatasi yake, uzi safi na kitambaa safi. Nasema hili kwa hofu kidogo, maana sitaki mama hata mmoja akae nyumbani kwa kusema kanisani kuna wembe. Hakuna kitu katika sanduku letu kiwezacho kumsaidia mama anayetokwa damu nyingi. Mwenye mimba kubwa wakati wa masika ahamie karibu na hospitali wiki kadhaa mapema, na ndugu wa kumpikia wapangwe sasa.

Mtashangaa kwamba dawa ya malaria haimo, baada ya kumlilia Askofu Mackenzie kwa kukosa kwinini. Siku hizi homa si lazima iwe malaria. Zahanati huchoma kidole na kupata jibu kabla maji ya chai hayajachemka vizuri, na mwenye malaria hupewa dawa yake kamili. Nasi tumeona jinsi dawa zinavyobadilika. Klorokwini, ambayo wengi wetu tulikua nayo kwa uchungu wake mdomoni, nchi yetu iliiacha mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vimeizoea, na tangu 2006 tunatumia dawa mseto. Tutaweka paracetamol ya kutuliza homa na maumivu, kwa vipimo vilivyoandikwa na Bwana Mganga. Viuavijasumu vilivyobaki katika bahasha baada ya fulani kupona havipokelewi. Dawa ya nusu si sadaka, na kilichomponya mzee chaweza kumuua mjukuu.

Kuna mtaa mmoja niliowahi kuutembelea, sitasema wapi, wenye sanduku zuri la mninga lenye msalaba mwekundu. Kijana alijikata mguu kwa panga akifyeka shamba. Watu wakakimbilia sanduku. Lina kufuli. Ufunguo uko kwa mzee aliyekwenda arusini, vijiji vitatu mbali. Kufuli likavunjwa kwa shoka, na ndani wakakuta mishumaa, stakabadhi za zaka, chupa ya dawa ya kifua iliyokauka, na klorokwini. Kijana alifungwa kwa kanga ya dada yake na kupelekwa kwa baiskeli, na kwa neema ya Mungu anatembea. Mzee aliporudi aliuliza nani amevunja kufuli la kanisa.

Kwetu hakutakuwa na kufuli. Sanduku litakuwa na kifuniko cha kuzuia panya na watoto, nalo litakaa katika nyumba iliyo karibu na kila kanisa, pakavu, mbali na jiko, mahali palipoinuka watoto wasipafikie. Najua mtasema vitu vitaibiwa. Huenda. Livingstone aliibiwa, nasi kwa sababu hiyo tuna masanduku matatu badala ya moja. Kitakachoibiwa katika mwaka mzima hakitafika thamani ya jeneza moja dogo.

Turudi kidogo barabarani. Msamaria alipokwisha kumfunga mtu wake hakujifanya tabibu. Alimpandisha juu ya mnyama, akampeleka penye nyumba ya wageni, akamkabidhi kwa mwenye kuweza kumwangalia, akatoa dinari mbili. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku (ndivyo tusomavyo katika Mathayo 20), basi alitoa mshahara wa siku mbili. Hiyo ndiyo nauli na gharama. Katika kila sanduku patakuwa na bahasha ya akiba ya nauli, pamoja na majina na namba za simu za wenye pikipiki na mwenye mtumbwi waliokubali kuamshwa usiku. Kisha akaahidi kulipa kilichozidi atakaporudi. Naamini pia alipofika mjini alijaza chupa zake, maana njia ile angepita tena. Atakayetumia chochote katika sanduku aandike katika daftari, si ili adaiwe, bali ili kijazwe kabla ya Jumapili. Kila mwisho wa mwezi wajumbe wawili wa Umoja wa Akina Mama watakagua pamoja na Bibi Muuguzi, wasome tarehe za dawa, na zilizopita wakati zirudishwe zahanati.

Jumamosi mbili kabla ya sikukuu, Bwana Mganga atawafundisha watu wanane kutoka kila kanisa: kufunga jeraha, kubeba machela, kukoroga ORS. Nimeomba nusu yao wawe vijana, na angalau mmoja awe ni mtu asiyelewa siku za sikukuu.

Masanduku yataletwa mbele ya altare Jumapili iliyo karibu na tarehe 18 Oktoba, yatabarikiwa pamoja na sadaka, na siku hiyo hiyo yatachukuliwa hadi mahali pake. Orodha imebandikwa kwenye mlango wa kanisa. Bandeji na ORS zimekwisha kupatikana. Bado tunahitaji blanketi mbili, tochi moja, sabuni za kipande, na mashuka ya zamani ya pamba ya kukata vitambaa, yawe yamefuliwa. Mwenye kuweza kuleta sabuni moja aandike sabuni moja.